Mpira Uliopotelea Juani

Ndugu zangu, habari za mchana. Kaeni tu, msinipigie makofi kabla hamjasikia ninachosema. Aliyenipa kipaza sauti ameninong'oneza nizungumze kwa ufupi na kwa upendo. Ufupi nitajaribu. Upendo ninao, lakini leo umekuja umekunja uso, na sitaunyoosha kwa ajili ya kuwafurahisha.

Naitwa Harriet. Wengi mnanijua, na baadhi yenu mlijifanya hamnijui kwa muda mrefu sana. Kwa wageni: mimi ni Mganda, naishi Farsta, hapa Stockholm, na mume wangu na binti yetu, na kazi yangu ni kufundisha besiboli chuoni. Wale wanaocheka huko nyuma, chekeni mmalize. Najua mnauita mchezo wa kukimbiza mwizi kwa rungu. Nimeusikia utani huo tangu nikiwa msichana wa shule kule kwetu, siku mwalimu mmoja mgeni alipokuja na mfuko wa glavu kuukuu na kutuuliza nani hana hofu na mpira mgumu. Niliinua mkono. Sijaushusha mpaka leo.

Nilicheza, nikasoma, nikawa kocha wa timu ya wanaume kwenye chuo kimoja cha Kampala. Hapo ndipo nilipozoea kuwa mwanamke anayepuliza filimbi na wanaume wanatazama pembeni kana kwamba hawajasikia. Kwa hiyo nilipomfuata mume wangu hapa Stockholm, sikuogopa baridi wala lugha. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba sitashika tena glavu. Kisha mtu akaniambia kuna chuo kusini mwa mji ambapo vijana wanasoma nusu ya siku na nusu nyingine wanacheza besiboli. Nilikwenda nikiwa na Kiswidi cha kuombea maji tu. Nikapewa reki ya kusawazisha udongo wa uwanja. Nikasawazisha. Niliendelea kusawazisha huku nikisoma lugha, nikafanya kozi yao ya ukocha, nikawa kocha msaidizi, na kocha mkuu alipostaafu, wakanipa nafasi yake.

Nawaambia ukweli, ndugu zangu, siku ile niliimba ndani ya treni. Mimi, mtu asiyeimba hata hapa kanisani.

Lakini kulikuwa na mwenzangu pale chuoni, mwanamume, naye alikuwa msaidizi kama mimi. Alikuwa pale kabla yangu, na aliamini kiti kile ni chake. Hakunitukana hata siku moja. Waswidi hawatukani, mnawajua. Aliacha tu kunisalimia. Nikipanga mazoezi, aliwageukia wachezaji na kuwauliza kama wameelewa, kana kwamba nimesema kwa lugha ya ndege. Wazazi wengine walimpigia simu yeye badala yangu. Nilifundisha timu ile miaka yote nikihisi kuna mtu amesimama nyuma ya shingo yangu akisubiri nijikwae.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi yenu mngependa niparuke.

Katika kanisa hili kulikuwa na kijana, mtoto wa Burundi, mrefu, mwenye mkono unaoweza kutupa mpira kutoka hapa hadi kituo cha treni. Sitamtaja jina, wala mama yake. Mimi ndiye niliyemwona akitupiana mawe na wenzake kwenye mkutano wetu wa kiangazi, nikamwambia, "Wewe, hebu njoo ujaribu na mpira." Mimi ndiye niliyekaa na mama yake, nikanywa chai yake, nikamweleza kwamba chuo kile si mchezo tu, kuna masomo, kuna cheti. Mama yule amemlea peke yake tangu walipotoka kambi ya wakimbizi. Aliniambia, "Dada Harriet, nakupa jicho langu." Alisema hivyo. Watu husema maneno kama hayo bila kujua.

Kijana aliingia chuoni, akawa mchezaji wangu wa nyuma kabisa, yule anayengoja mipira ya juu. Alikuwa hodari, na alikuwa na tabia ya kuchelewa.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, theluji imeyeyuka na jua limekaa chini usawa wa macho, mnalijua jua lile. Alichelewa, nikamgombeza mbele ya wenzake, kama ninavyomgombeza yeyote. Kisha tukafanya mazoezi. Kazi yangu katika zoezi lile ni kupiga mipira juu angani kwa fimbo nyepesi, na wao wanakimbia kuidaka. Mwisho wa zoezi nikaona wanajikinga macho kwa glavu. Nikasema, "Inatosha, jua limeshuka." Kijana akaniita kutoka kule mbali kwa Kiswahili, kwa sababu sisi wawili tu ndio tuliokijua pale, "Kocha, mmoja tu wa mwisho." Alitaka kunionyesha kwamba, ingawa amechelewa, bado anafanya kazi kuliko wote.

Nikapiga.

Mpira ulipanda vizuri. Alikimbia, akasimama chini yake, akainua glavu, halafu nikaona mkono wake unasita. Alikuwa ameupoteza ndani ya jua. Nilipiga kelele ageuze uso. Mpira ulimpiga chini ya jicho.

Sitaeleza nilichokiona nilipofika alipoanguka. Gari la wagonjwa lilikuja, msaidizi wangu, yule mwenzangu asiyenisalimia, akapanda naye, mimi nikabaki na wachezaji. Nilimpigia mama yake simu mimi mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine.

Kabla kijana hajatoka hospitalini, mkuu wa chuo aliniita. Msaidizi wangu alikuwa ameeleza kwamba nilikuwa na hasira na kijana yule kwa sababu ya kuchelewa, kwamba nilimweka makusudi akitazama jua kama adhabu, na kwamba kijana alilalamika kwa lugha yetu, nami nikampuuza na kupiga. Hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, lakini alitafsiri. Nilisimamishwa kazi siku ileile. Nikaambiwa nisikanyage uwanjani na nisiwasiliane na familia ya mchezaji mpaka uchunguzi uishe. Na nchi hii, mtu mzima akishukiwa kumuumiza mwanafunzi makusudi, hilo si jambo la kuongelea kwenye kahawa. Ni polisi.

Nilitoka pale nikijiambia, sawa, hawa ni wageni kwangu, hawanijui. Lakini nina watu wangu.

Ndugu zangu, nawaambia, kwa watu wangu ndiko nilikopigwa kweli.

Jumapili iliyofuata nilikuja hapa. Mama wa kijana alikuwa ameshaandika kwenye kundi letu la simu kwamba nimemtoa mwanawe jicho kwa wivu, kwa sababu nina binti tu na sina mtoto wa kiume. Maneno hayo yalisomwa na karibu kila aliyeketi hapa. Niliingia, nikakaa safu ya tatu, na safu ya tatu ikahama. Nilikuwa nafundisha watoto darasa la Jumapili. Mtu akaniambia limepata mwalimu mpya. Mmoja wa wazee akanipigia simu na kusema kwa sauti laini, "Dada, pumzika kidogo nyumbani, mambo yapoe." Nikamwuliza, "Umeniuliza kilichotokea?" Akasema, "Si wakati wa kuulizana." Nikapumzika nyumbani, kama alivyotaka.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mambo ya kawaida hunijibu kwa Kiswidi, nami nimezoea. Siku moja alirudi shuleni, akaweka begi chini, akaniuliza kwa Kiswidi kama nilifanya makusudi. Watoto wenu walikuwa wamemwambia. Nilimjibu hapana. Akachukua begi lake, akasema, kwa Kiswahili safari hii, "Sawa, mama." Mpaka leo sijui kama siku ile aliniamini. Hilo sijawasamehe, nasema wazi. Naliombea, lakini bado.

Mshahara ulipungua, mume wangu akaongeza zamu za kuendesha basi, nami nikapata kazi ya usafi kwenye ghala moja Märsta, karibu na uwanja wa ndege. Nilipanda treni asubuhi, nikafuta sakafu, nikarudi. Glavu yangu niliifungia kabatini kwa sababu sikutaka kunusa tena harufu ya ngozi yake. Nilikonda. Mume wangu alisema, "Harriet, tuhame. Twende mji mwingine, tuanze upya." Nikamwambia, "Nikihama watasema nimekimbia." Akasema, "Waseme." Nikasema, "Hapana." Tuligombana juu ya hilo mara nyingi, na yeye hakuwa na kosa. Alikuwa anatazama mke wake akiisha mbele ya macho yake.

Mungu? Mnataka kujua kama nilisali. Nilisali, na sikusikia kitu. Wale mnaosimama hapa kila mwezi kusema mlisikia sauti, hongereni. Mimi nilisikia mashine ya kufutia sakafu.

Pale ghalani kulikuwa na mama mmoja Mkongo aliyefanya kazi upande wangu. Kila mapumziko alinisogezea chakula chake na kusema, "Kula, maman, usinisumbue." Hakuwa mtu wa maswali. Lakini siku moja nilimweleza yote, kwa sababu tarehe ya kikao cha mwisho chuoni ilikuwa imefika karibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule kijana mwenyewe anasema nini?"

Nikasema, "Amewaambia hakumbuki."

"Amekuambia wewe kwamba hakumbuki?"

"Nimekatazwa kuwaona."

Akafunga bakuli lake. "Maman, watu wote wamesema juu ya jambo hili isipokuwa ninyi wawili mliokuwa ndani yake. Bon, sawa. Mimi ningekwenda."

Mwanamke wa chama cha wafanyakazi aliyekuwa akinitetea alinionya nisiende. Alinieleza vizuri kabisa: nikiripotiwa tu kwamba nimekwenda, kazi imekwisha, na huenda kesi ikawa mbaya zaidi. Chuo kilikuwa kimeshanipa njia ya kutokea. Nijiuzulu kimya kimya, wao waniandikie sifa nzuri, kila mtu aende zake. Nilimshukuru. Halafu nikapanda treni ya bluu kwenda Rinkeby, wanakoishi kijana na mama yake.

Nilipanda ngazi za jengo lao. Nikagonga. Mama wa kijana alifungua mlango kwa upana wa mkono, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kumjulia hali mwanao."

"Chuo kimekukataza. Nikipiga simu sasa hivi, umekwisha."

"Najua. Piga. Nitasimama hapahapa ukipiga."

"Huna haya."

"Haya ninayo. Nilichokosa ni mtu wa kuniuliza. Wewe ulikunywa chai na mimi, mama. Hukuniuliza."

"Nikuulize nini, na mwanangu nimemkuta na uso umefungwa bandeji?"

"Ungeniuliza kilichotokea."

Akaanza kufunga mlango. Ndipo sauti ikatoka ndani, "Mama, mfungulie."

"Rudi ukalale," akamwambia bila kugeuka.

"Sijalala tangu lini? Mfungulie kocha."

Alikuja mwenyewe akatoa mnyororo. Jicho lilikuwa limepona kwa nje, limebaki na kovu dogo hapa chini, lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande ili anione kwa jicho lile jingine. Akasema, si kwangu, kwa mama yake.

"Nilikuambia hospitalini. Nilikuambia mimi ndiye niliyeomba mpira ule. Kocha alishasema inatosha."

Nikamtazama mama yake. "Ulijua?"

"Nilikuwa nimeshaandika," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini macho yalikuwa bado makali. "Watu wote walikuwa wameshasoma. Ningewaambia nini? Kwamba mwanangu amejitoa jicho mwenyewe?"

"Ungewaambia ilikuwa ajali."

"Nilimwambia mzee. Akaniambia niache, nisiwachanganye watu, Mungu atasafisha kwa wakati wake."

Nikauliza ni mzee gani. Akamtaja. Ndugu zangu, ni yuleyule aliyenipigia simu nipumzike mambo yapoe. Alipokuwa ananiambia si wakati wa kuulizana, alikuwa na jibu mkononi. Sitamtaja hapa. Anajijua, na wenzake wawili aliowaambia wanajijua. Mkiona mtu anatazama viatu vyake sasa hivi, mwacheni avitazame.

Sikupiga kelele pale mlangoni. Watu hudhani nilipiga. Nilimwambia kijana, "Siku ya kikao ni Alhamisi. Sikuombi kitu." Akasema, "Nitakuja." Mama yake akasema, "Huendi." Akamjibu kwa heshima, taratibu, "Mama, nimekutii mpaka nimeshindwa kujitazama kwenye kioo. Nitakwenda."

Nilishuka ngazi zile na miguu yangu ikiwa imara kwa mara ya kwanza tangu siku ya ajali. Hapo ndipo niliposimama tena, kama mnataka kujua. Sikusimama chuoni, nilisimama kwenye ngazi za Rinkeby. Nilikuwa bado sina kazi, na huenda asingekuja. Lakini nilikuwa nimesema nilichotaka kusema kwa mtu niliyepaswa kumwambia.

Alikuja. Aliketi mbele ya mkuu wa chuo na kueleza kwa Kiswidi chake kizuri kila kitu, pamoja na yale maneno ya Kiswahili aliyoniita nayo na maana yake. Mkuu akamgeukia msaidizi wangu. Msaidizi akasema, "Basi huenda nilielewa vibaya."

Huenda. Miezi yote ile, ghala, kabati, binti yangu, yote iliingia ndani ya neno hilo moja. Nilishika ukingo wa meza kwa sababu mikono yangu ilitaka kufanya jambo jingine.

Polisi nao walifunga jalada, na mkuu wa chuo alitaka nirudi kimya kimya, nianze tu Jumatatu kama mtu aliyetoka likizo. Nilikataa. Nikamwambia, "Mliponiondoa, mliwatangazia wachezaji na wazazi. Mkinirudisha, watangazieni pia." Mwanamke wa chama aliniunga mkono kwa ukali ambao sikuutegemea. Mkuu akawakusanya wachezaji, akasema maneno yale akitazama ukuta. Aliyasema, hata hivyo. Msaidizi wangu alihamia kazi nyingine kabla msimu haujaanza. Hajaniomba radhi. Tukikutana dukani Farsta ananipungia mkono kama jirani.

Msitegemee niwaambie tulishinda kombe. Tulifungwa mechi nyingi. Mazoezi ya kwanza nilipotakiwa kupiga mpira juu, mikono yangu ilikufa ganzi, nikawaambia vijana wakimbie kuzunguka uwanja mpaka nipate pumzi. Siku iliyofuata nilipiga mipira ya chini tu. Ilichukua majuma kabla sijaweza kuupeleka mpira angani, na mpaka sasa kila ninapoupeleka, moyo unasimama mpaka nisikie umeingia kwenye glavu. Lakini naupeleka. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Kijana hachezi tena. Jicho lile linaona ukungu. Anasomea udereva wa mashine za ujenzi. Wakati mwingine huja kwetu kula, yeye na binti yangu wanabishana kwa Kiswidi na kunisahau mezani. Mama yake nasalimiana naye. Aliniumiza mbele za watu, na msamaha ameniomba jikoni kwake, tukiwa wawili. Nimeupokea nusu. Nusu nyingine naingojea hapa.

Sasa nishukuru, maana najua mnaangalia saa. Namshukuru mume wangu, aliyetaka tuhame akakubali tubaki. Namshukuru yule mama wa Märsta, ambaye hasali hapa wala hatusikii. Namshukuru mwanamke wa chama, ambaye nilimkaidi na hakuniacha. Namshukuru yule bibi mmoja wa kanisa hili ambaye, safu yote ilipohama, alibaki amekaa karibu nami akiimba vibaya kama kawaida yake. Bibi, unajijua. Ulikuwa peke yako. Na namshukuru Mungu, ambaye nilimlaumu sana, na ambaye nafikiri alikuwa pale kwenye ngazi, ingawa hakusema kitu.

Mnataka fundisho. Ni dogo, halihitaji andiko. Ukisikia jambo baya juu ya mtu unayemjua, kabla hujahama safu, mwendee umwulize. Anaweza kukudanganya, ni kweli. Lakini atakuwa amekudanganya wewe, ana kwa ana, nawe utakuwa umetenda haki. Na wewe uliyejua ukweli ukanyamaza ili watu wasichanganyikiwe, mimi nilichanganyikiwa. Binti yangu alichanganyikiwa. Sisi pia tulikuwa watu.

Nimemaliza. Nitakaa pale mbele mpaka vikombe vya chai viishe. Mwenye neno nami, awe mzee, awe mama, kiti cha kando yangu kipo wazi.